Mpenzi Wangu wa Siku ya Taka

"Panda!" nilimwambia. "Panda lori sasa hivi, Marivic, mengine tutayajua mbele!"

"Siwezi, Liberati."

"Huwezi au hutaki?"

"Pasipoti iko kwa madamu, amefungia kabatini. Nikitoka bila hiyo, mtoto wangu kule kwetu nitamwona lini tena?"

Dereva akapiga honi. Sisi wa lori la taka hatukai mlango mmoja, na ile dakika ya kila Jumanne, hapo mtaa wa Clintonville, ndiyo ilikuwa mapenzi yetu yote. Marivic alikuwa Mfilipino, mfanyakazi wa ndani, matajiri wake walikuja naye Columbus, Marekani, kutoka Kuwait kama sanduku lao. Hakuruhusiwa kutoka ila kusukuma pipa hadi barabarani. Kiswahili alifundishwa jikoni hukohuko Kuwait na Jeptoo, Mkenya aliyelala naye chumba kimoja. Mimi, Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, siku aliponijibu "Asante, pole na kazi" nilibaki mdomo wazi. Basi nikanasa.

"Wanarudi Kuwait lini?"

"Ijumaa. Na mimi."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Usiniulize hivyo. Enda, dereva amekasirika."

Nililia nyuma ya lori mchana kweupe. Aliyetaka kucheka na acheke.

Alhamisi ukaingia ujumbe, kutoka simu aliyoificha kwenye gunia la mchele: "Kesho saa nane kuja airport. Ngoja nje na gari. Usinipigie."

Nikajibu: "Nije kukuaga? Unataka kuniua?"

Nikaenda, maana mapenzi hayana aibu. Theluji ilikuwa inaanguka. Niliwaona wakipita: bwana, watoto, madamu, na nyuma yao Marivic akisukuma mizigo yote. Hakunitazama hata kidogo. Mlango ukajifunga. Nikampigia dada yangu Kostansia, anayeishi Buffalo.

"Dada, ameondoka."

"Umeona ndege ikiruka?"

"Ameingia ndani, wala hakugeuka!"

"Alikwambia ungoje nje, si ndiyo? Ngoja, acha kunililia."

Polisi akanifukuza pale mlangoni. Nikazunguka, nikarudi, akanifukuza tena. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa niliporudi na kumwona mwanamke anatoka mbio, peku kwenye theluji, amekumbatia kitu kifuani.

"Endesha!" Marivic alipiga kelele akijitupa ndani.

"Viatu viko wapi?"

"Kwa trei ya ukaguzi! Pale lazima kila mtu ashike pasipoti yake mwenyewe. Jeptoo aliniambia zamani, ni hapo tu inakuwa yako. Madamu akanipa, akainama kuvua buti. Mimi nikageuka."

"Mbona hukuniambia? Nimekufa leo, Marivic! Nimekufa!"

"Ungekuja na uso wa furaha. Madamu angekusoma."

Nje ya mji nikasimamisha gari, nikavua soksi zangu, nikamvalisha. Miguu ilikuwa baridi.

"Tunaenda wapi?"

"Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwa dada yangu Kostansia. Kesho tutatafuta wakili."

"Na kazi yako?"

"Kwani Buffalo hakuna taka?"

Akacheka na kulia pamoja. Nikanyoosha mkono kuchukua ile pasipoti.

"Lete nikuwekee, isipotee."

"Hapana." Akaibana kifuani. "Hii hakuna mtu atanishikia tena. Hata wewe."

Nikarudisha mkono kwenye usukani. Sijawahi kumpenda kama dakika ile.

"Nataka kukuoa, Marivic."

"Sawa," akasema. "Lakini kwanza viatu."