Mikono Miwili ya Kushoto

Kila Jumamosi Wakili alishinda kwenye chumba cha kushonea cha mama yake, akiokota pini na kukata nyuzi. Jina hilo alipewa nyumbani, maana mtoto huyo angeweza kubishana hata na kivuli chake. Leo mama alikuwa amemkabidhi mkasi mkubwa kwa mara ya kwanza, naye hakutulia kwa furaha.

Gauni lililokuwa mezani lilikuwa la rafiki yake, Kimya, ambaye angebatizwa kesho. Kimya mwenyewe aliketi kwenye stuli, akizungushazungusha kifungo vidoleni.

"Mkono mmoja tayari," mama alisema. "Naenda kununua zipu. Kata wa pili, ila ugeuze kwanza karatasi ya kipimo ili utoke wa kulia. Na mdomo upumzike."

"Sawa, mama."

Mama hajafika hata barabarani, kaka yake Wakili akachungulia mlangoni. "Eti samaki hulala?"

"Hawalali! Hawana kope."

"Wanalala. Mwalimu wetu kasema."

"Mwalimu wenu amewahi kulala nao?"

Kimya akakohoa kidogo. "Wakili, nilitaka kukuambia kitu. Baba..."

"Ngoja kwanza nimmalize huyu!"

Mkasi ukawa unatembea mezani huku macho ya Wakili yako mlangoni. Kutoka kwa samaki wakahamia kwa nani mjinga, na kutoka hapo wakaanza kufukua makosa ya mwaka jana. Mwishowe kaka akabamiza mlango na kwenda zake.

Wakili akaipanga mikono ya gauni, upande wa kung'aa juu. Yote miwili ilikuwa ya kushoto! Hakuwa amegeuza karatasi, na ukiupindua mmoja, upande usiong'aa unatokea nje. Kitambaa kilichobaki hakikutosha hata leso.

"Kesho nitavaa nini?" Kimya aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Mama aliporudi na kuelezwa yaliyotokea, hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Wakili zaidi.

"Mlikuwa mnabishania nini?"

"Kama samaki hulala."

"Na wanalala?"

"Sijui, mama."

Mama akashusha pumzi, akapima kwa futi yake mshipi wa gauni, ulioshonwa kwa kitambaa kilekile. "Mshipi ni mpana. Utatoa mkono mfupi wa kulia. Huu wa kushoto tutaufupisha ulingane nao. Gauni litakosa mshipi, lakini bora nusu shari kuliko shari kamili."

Wakili akaanza kubana mshipi kwa pini. Akamgeukia Kimya, akasema, "Nisamehe, rafiki yangu. Ulitaka kuniambia nini?"

"Baba kaitwa kazini. Kesho sina wa kunisindikiza mbele ya watu wote. Naogopa."

"Nitakusindikiza mimi, mpaka mbele kabisa."

Kimya akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mara kaka akarudi mbio. "Nimeuliza! Samaki wanalala macho wazi!"

Ulimi ulimwasha Wakili. Akauzuia. "Haya, kaka. Nipe uzi mweupe hapo."

Mama akasimamisha cherehani. "Maandiko hutuonya tukimbie mabishano ya kipuuzi, kwani huzaa ugomvi tu. Sikukatazi kusema, mwanangu. Ila kabla hujajibu anayekuchokoza, angalia kama chumbani hakuna anayengoja kusikilizwa."

Kisha akamvisha Kimya gauni. Mkono wa kulia ulikaa kulia.