Sahani ya Saba

Kila nilipotoka shule nilipitia maabara anakofanya kazi shangazi. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikavaa koti jeupe lililonifikia karibu na visigino, kisha nikahesabu madoa ya hamira yaliyoota kwenye sahani za plastiki. Ni hamira ileile ya kuumulia mkate.

Shangazi alikuwa amenieleza hivi: ndani ya hamira, protini mbili zikishikana, jeni fulani husomwa na hamira huota. Zisiposhikana, jeni hukaa kimya na hakioti kitu. Kila sahani ilikuwa na jozi yake ya protini. Yeye alikuwa ameunda mfano wa kompyuta unaobashiri jozi zipi zitashikana. Miaka miwili alihangaika nao, maskini, hata kula akasahau.

Siku moja nikakuta sahani ya saba tupu. Mimi ndiye niliyeipanda, na kwa pupa yangu ninavyoijua, nikadhani nilisahau kuitia hamira. Niliogopa kuitwa mzembe. Sahani za jirani zilikuwa na arobaini na kitu, basi nami nikaandika arobaini na moja kwenye daftari la hesabu, nikaitupa sahani pamoja na zile zilizokwisha kuhesabiwa.

Kesho yake nilimkuta shangazi ameinamia meza.

"Bi Haraka," alisema. Ndivyo alivyozoea kunitania, ila siku hiyo hapakuwa na utani. "Mfano wangu ulisema ya saba haitaota. Imeota. Naufuta, nianze upya."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Nilijichukia.

"Shangazi, nisamehe. Ilikuwa tupu. Nilidhani nimesahau kuipanda, nikabuni."

Hakunigombeza.

"Ungesema jana, tungeipanda tena jana," alisema. "Haya, kanawe mikono."

Tulipanda jozi ileile katika sahani tatu, yeye akiniangalia. Siku ya tatu zote zilikuwa tupu. Mfano wake ulikuwa umesema kweli. Alinipa kalamu, nikakata ile arobaini na moja, nikaandika sifuri.

"Mwanangu," alisema, "kompyuta haijui kuwa unaogopa kugombezwa. Ukiilisha uongo, itakula tu, na mimi ningetupa miaka miwili. Andika unachokiona, hata kama ni sifuri. Na ukidhani umekosea, sema siku hiyohiyo."