Hii Nayo ni ya Mchezo?

"Soma tena," mama mtu alisema. "Polepole, nisikie vizuri."

Kaka mtu akainua simu, akakohoa kama shahidi mahakamani, akasoma:

"'Nitakufungia chini ya ngome mpaka usahau jina la mama yako. Ukipiga kelele nitakuja kukusikiliza. Napenda kusikiliza.'"

Fundi miwani, mchumba wa binti wa nyumba ile, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, chai ikimpoa mkononi. Alipigiwa simu aje "tuongee kidogo", naye akadhani ni mambo ya harusi, maana hata suti ilishakwenda kupunguzwa mikono. Kumbe kaitiwa kesi.

"Shemeji," kaka mtu alisema, "kazi yangu unaijua, ni simu. Dada kaniletea yake kioo kimepasuka. Nimeweka kingine, nimeiwasha nione kama inakubali, ujumbe huo ukaingia. Sijapekua, umekuja wenyewe. Na jina lako hilo hapo juu. Sasa niambie, tunakuoza dada yetu au tunakupa mfungwa?"

"Kaka, naomba nieleze..."

"Eleza. Tena eleza vizuri."

Kabla hajafungua mdomo, kicheko kikapasuka mlangoni. Binti mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka wadi ya wazazi, bado na sare yake ya ukunga, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Jamani! Hicho ndicho mlichomwitia mwenzenu? Mama, huo ni mchezo!"

"Mchezo gani wa kufungiana chini?"

"Tuko watu wanne, tunatunga hadithi kwa kupokezana kwenye simu. Kila mtu ana mhusika wake. Mimi ni mateka. Huyu ni Jemadari, katili la kutupwa. Sehemu zetu sisi wawili tunaandikiana huku pembeni, halafu tunazipeleka kwenye kundi wenzetu wasome. Si tulijuana humo humo?"

Mama alimtazama binti yake, akamtazama mkwe mtarajiwa, akarudi kwa binti.

"Kwa hiyo mlijuana yeye akikutesa."

"Kwenye hadithi, mama."

"Enhe. Na ulipoona anavyojua kutesa ukasema huyu huyu ndiye wangu."

Hata kaka mtu alicheka. Fundi miwani alishusha pumzi, akanywa ile chai ya baridi yote kwa mkupuo mmoja. Walikuwa wamevuka. Mchumba wake alikuja kukaa karibu naye, akampiga kofi dogo begani, akauacha mkono hapo.

"Na ni katili hasa," alisema kwa fahari. "Wenzetu wanamwogopa mpaka basi. Kuna mmoja alilia kweli."

"Haya, nisameheni," kaka mtu alisema huku bado anapitisha kidole kwenye kioo kipya. "Maana mengine yanatisha. Hii nayo ni ya mchezo?"

Akasoma kwa sauti ya kuigiza, kama mtu aliyekwisha kuuelewa utani:

"'Nenda tu, nani atakuzuia? Baba yako alikata roho anakuita, wewe uko masomoni. Ulimzika kwa simu. Sasa ni zamu ya mama, na kuzika kwa simu umeshazoea. Sikulaumu, pole sana. Nakukumbusha tu kwa sababu nakupenda.'"

"Ndiyo," fundi miwani alisema. Lilimtoka haraka mno. "Hiyo pia ni Jemadari."

Mkono uliokuwa begani kwake ukaondoka.

Ujumbe huo aliuandika dukani, nyuma ya mashine ya kusagia lenzi, na aliukumbuka neno kwa neno. Mchumba wake alikuwa amepigiwa simu kutoka chuo cha mji mwingine, anatakiwa akafundishe wakunga. Alirukaruka kama mtoto siku hiyo. Fundi miwani alimwomba asiende, mwenzake akacheka. Akanuna, akabembelezwa. Akagomba, akaambiwa, "Mpenzi, ni safari ya basi tu, siendi mwezini." Basi akakaa pale dukani, akajiuliza swali ambalo alikuwa hajawahi kujiuliza nje ya hadithi: Jemadari angesema nini?

Jibu lilikuja bila kusumbua. Si alishawafundisha wenzake kwenye kundi? Aliwaandikia siku moja, "Mtu mbaya mnamkosea. Hapigi kelele wala hatukani. Anatafuta palipo na kidonda, anaweka kidole, halafu anasema pole. Na moyoni anaamini kabisa kwamba ana haki." Wakampigia makofi kwa vile vikatuni vya simu.

Kidonda alikijua, maana alionyeshwa na mwenyewe, kwa machozi, kichwa kimelala kifuani kwake.

Kesho yake mchumba wake alijibu: "Umesema kweli. Nimewaambia siendi. Asante kwa kuniambia ukweli."

Naye alifurahi. Alipiga mluzi dukani hadi jioni. Maneno yale yalikuwa yamefanya kazi, tena kwa mtu mzima mwenye akili zake.

Sasa mama mtu alikuwa amekunja uso, anahesabu jambo kichwani.

"Huyo baba wa kwenye hadithi," aliuliza taratibu, "naye alikufa binti yuko masomoni? Kama baba yako?"

"Mama, watunzi huwa tunachukua vitu vya kweli," fundi miwani alianza. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndani ya upole huo alimsikia Jemadari wazi kabisa. "Tunavichanganya kidogo tu. Si ndivyo, mpenzi wangu? Waambie."

Mchumba wake alikuwa anamtazama mdomo, si macho, kama mtu anayejaribu kujua sauti inatokea wapi.

"Waambie," fundi miwani alirudia.

"Siyo ya mchezo, mama," binti alisema. "Hiyo aliniandikia mimi."

Kaka mtu aliweka simu mezani kama inayounguza.

"Lini?"

"Nilipoitwa chuoni."

"Ndiyo maana hukwenda?" Mama alisimama. "Mimi uliniambia nafasi wamempa mtu mwingine!"

"Niliogopa nikikwambia utanilazimisha niende."

"Ningekubeba mgongoni nikupeleke! Mwanangu, baba yako hakukuita. Nani kakwambia alikuita? Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mkono wake. Aliuliza kama umefaulu mtihani. Nikamwambia umefaulu. Akasema, 'Basi vizuri.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani."

Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akamgeukia fundi miwani, na sauti ikashuka.

"Na wewe, mimi nimekukosea nini hata unizike nikiwa mzima?"

"Mama, nisamehe. Niliogopa kumpoteza."

"Wewe uliogopa, ukaamua mwenzako ndiye alie."

Kaka mtu aliinuka, akafungua mlango, akasimama pembeni yake. Hakumgusa wala hakumtukana. Alimwachia njia tu.

Binti alimsindikiza mpaka getini, peku, kiatu kimoja bado mkononi.

"Ningeweza kukusamehe ule ujumbe," alisema. "Nina hakika ningeweza. Watu wakigombana husema ya ajabu."

"Basi nisamehe."

"Lakini leo umeulizwa mbele ya mama yangu, ukaukana. Kisha ukaniambia mimi nikusaidie kuukana. Tena kwa upole ule ule."

"Nilibabaika tu."

"Hapana. Hukubabaika hata kidogo, ndiyo maana nimeogopa. Kwenye hadithi Jemadari akiniandikia, naweka simu chini naenda kupika. Wewe ningekuweka wapi? Mnalala kitanda kimoja na mtu, unamwambia mahali unapoumia, halafu kila mkikosana unakaa unangoja kidole."

"Sitarudia. Naapa."

"Najua unamaanisha." Alivua pete. Ilimkwama kwenye kifundo cha kidole, akailamba, ikatoka. "Na siku ukishindwa kunipata kwa njia nyingine, utarudia. Kwa sababu umeshaona inafanya kazi."

Alimwekea pete kiganjani, akamkunja vidole mwenyewe kimoja kimoja, kama anavyowafunza wazazi wapya kushika watoto wao. Halafu akaingia ndani. Geti lilifungwa na kaka mtu.

Chuo kilikuwa bado hakijapata mtu. Binti alifunga sanduku, na mama yake ndiye aliyemsindikiza stendi.

Fundi miwani alijitoa kwenye kundi bila kuaga. Wenzake walimpigia simu wakilalamika kwamba hadithi imedoda bila yeye, kwamba hawajawahi kupata mtu anayeweza kuwa mbaya namna ile. Aliacha kupokea.

Siku moja mchana, duka halina mteja, alianza kumwandikia binti. "Tangu uondoke sili, silali, naona heri nife." Akausoma. Akaona kidole kimewekwa kwenye kidonda. Akafuta.

Akaandika, "Najua una moyo mkubwa, wewe si mtu wa kuacha watu." Akaona Jemadari anatabasamu. Akafuta.

Aliandika na kufuta mpaka chai aliyoletewa na fundi mwenzake wa dukani ikaota utando juu ya benchi. Kila sentensi iliyokuja ilikuwa tamu, na kila moja ilikuwa na mkono nyuma yake unaomvuta mwenzake arudi. Aliogopa kugundua kwamba hajui tena kuomba radhi bila kutaka kitu.

Mwisho aliandika:

"Nilijua unapoumia na nilipagusa makusudi ili usiende. Baba yako hakukuita, nilitunga mimi. Ile kazi ni haki yako. Usinijibu."

Akautuma. Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu. Juu ya kioo pakaandikwa kwamba anaandika. Fundi miwani alishika simu kwa mikono miwili.

Kisha maandishi yale yakapotea. Alingoja yarudi, hayakurudi. Hakujibiwa siku ile, wala siku nyingine yoyote.