Jina Chini ya Somo

Saa sita ya mchana soko la Bunia lilikuwa limejaa kelele na vumbi jekundu. Noëlla aliingia katika kibanda cha Gustave, fundi wa simu, amevaa kikwembe cha kijani, kompyuta ameikumbatia kifuani.

"Iko courant hapa?" aliuliza, akitafuta pa kuchaji.

"Iko. Lakini ni ya watu wenye kusalimia."

"Jambo, papa fundi."

"Sasa iko ya kutosha," Gustave akacheka.

Kompyuta ikichaji, Noëlla alimweleza kazi yake. Alikuwa akiandika masomo kwa Kiswahili juu ya programu ya wingu, ile inayomwezesha mtu kutumia kompyuta ya mbali kana kwamba iko mezani kwake. Programu ilikuwa huria: yeyote aliruhusiwa kuitumia na kuitengeneza, hata masomo yake.

"Nijaribie somo hili."

"Mimi niliacha masomo mwaka wa pili wa sekondari."

"Njo maana ninakutaka weye. Ukielewa weye, kila mutu ataelewa."

Mwingine angekasirika. Gustave alivuta kiti.

Hatua ya nne ilisema: subiri nusu saa. Kabla ya nusu saa, umeme ukakatika, mtandao ukazimika nao, na kazi yote ikapotea.

"Mwenye kuandika hii haishi Bunia."

"Ni mimi niliandika!"

"Basi umesahau unaishi wapi, mupenzi."

Neno lile lilimtoka tu. Noëlla hakulikataa.

Jumapili tatu baada ya misa walikaa pamoja, na Gustave akaandika, kwa kompyuta ya Noëlla, sehemu nzima: umeme ukikatika, utajuaje ulipofika, na utaendeleaje bila kuanza upya. Noëlla akaituma kwa wakaguzi wa mradi wa programu ile. Wakaichapisha.

Dany, rafiki wa Gustave, ndiye aliyemwonyesha somo kwenye simu. Chini ya somo kulikuwa na jina moja tu, la Noëlla. Gustave akampigia.

"Jina yangu iko wapi?"

"Jina gani, chéri?"

"Usiniite chéri. Kazi yangu iko na jina yako. Uliona mutu hana diplome, ukafikiri hana na macho."

Akakata. Siku nne hakupokea simu za Noëlla.

Katika mradi ule kila kazi hubeba jina la mwenye kompyuta iliyoituma, mpaka mtu aongeze la mwingine. Noëlla hakuongeza. Hakuiba, lakini hakuangalia, na aliyeumia hakujali tofauti. Na wiki ileile wakaguzi walikuwa wanachagua msimamizi wa masomo ya Kiswahili. Noëlla alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Siku ya tano alifika kibandani, kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu.

"Soma," alisema, akampa simu.

Gustave akasoma polepole. Noëlla alikuwa ameandika mbele ya wote kwenye mradi: "Sehemu hii si yangu. Ni ya Gustave, fundi wa Bunia. Kosa ni langu. Iondoeni mpaka aitume mwenyewe."

"Dany aliniambia juu ya usimamizi. Ulijua watakunyima ile nafasi?"

"Nilijua. Wamempa mwingine jana."

"Na uliandika tu?"

"Kazi ni yako, Gustave. Ningeendaje mbele nayo?"

Gustave akafuta meza kwa mkono wa shati. "Nionyeshe namna ya kujiandikisha. Vidole vyangu ni vizito, usinicheke."

"Nitacheka kidogo."

Gustave akaituma mwenyewe. Asubuhi wakaguzi wakajibu: imekubaliwa, kwa jina lake, na shukrani kwa fundi aliyewafikiria watu wasio na umeme wa uhakika. Tangu aache shule, hakuna aliyewahi kumwandikia neno zuri. Alilisoma mara tatu, kisha akampigia Noëlla.

"Wamekubali!"

"Nimeona. Ninalia hapa kama mupumbavu."

"Futa macho. Dimanche, baada ya misa, unipeleke kwa baba yako."

"Utamwambia nini?"

"Kwanza aksanti, ju ya kuzaa mutoto mwenye kusema kweli hata ikimuumiza. Kisha nitamwomba huyo mutoto."

"Na akikuuliza umesoma wapi?"

"Nitamwambia ninasoma kwako, na bado sijamaliza."