Jina Aliloupa Moto

Asubuhi ile Justine alichota maji mtungini akakuta yana uvuguvugu. Mtungi ulikaa kivulini, mbali na jiko, na jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Aliyamwaga, akaenda kumnyonyesha mwanawe mchanga, Barbara.

Mumewe, Isaac Oguttu, alikuwa fundi wa simu mjini Busia, na nyumbani kwao ni Buhehe. Tangu malaria imchukue binti yao mkubwa, Taaka, Isaac hakuzungumza na mtu. Akitoka kazini huketi kitandani na simu, akicheza mchezo ambao kila mchezaji hujifanya shujaa na kuzunguka dunia ya kubuni. Shujaa wake alilindwa na kiumbe kisicho na nyama wala mifupa, mwili wote moto mtupu. Mchezo ulimruhusu mtu kukipa jina. Isaac alikiita Taaka.

Justine alipojua, aliumia. Alijiambia huenda ndivyo mwanamume yule anavyolia.

Kisha nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mchana mmoja alimlaza Barbara, akatoka kuanua mihogo, na aliporudi akakuta mguu wa mtoto umetoka malengelenge, madogo, yamepangana kama alama za vidole vya mtu aliyeushika.

Jioni hiyo, akiwa bado amembeba Barbara anayelia, alisikia kitu kikitatarika chumbani, kama mafuta kwenye kikaango, akasukuma pazia polepole, na pale kwenye kona, juu ya sakafu tupu isiyo na kuni wala mkaa, akaona mwali umesimama wima, kimo cha mtoto wa miaka minne, na Isaac amepiga magoti mbele yake akiulisha sweta la marehemu, mkono mmoja, kisha mwingine, huku sauti ya mtoto ambaye Justine mwenyewe alimzaa ikisema kutoka ndani ya moto, "Baba, nasikia baridi."

"Zima moto huo," Justine alinong'ona.

"Mama Taaka, usimwogopeshe."

"Moto huo umemchoma Barbara. Zima."

"Nikizima atasikia baridi," Isaac alisema bila kugeuka. "Alikufa anatetemeka. Wewe ulikuwa umemshika."

Alfajiri Justine alikwenda Lunyo kumleta Mama Nangila, mwombezi aliyejulikana kwa kufukuza majini. Mama Nangila hakupiga kelele. Aliuliza tu jina walilouita ule mwali, akaambiwa. Alisema lile ni jini la moto, halikuwa na pa kuingilia, wao wenyewe wamelifungulia. Maombi yangelisogeza, lakini jina lingelirudisha. Mama aliyemzaa mwenye jina hilo ndiye alinyang'anye jini, na tangu hapo jina lisitajwe wala kuandikwa na mtu yeyote.

"Hata mimi?" Justine aliuliza.

"Hasa wewe, mwanangu."

Mama Nangila alipoanza kuomba, mwali ulijitokeza konani, ukainama kama mtoto anayetaka kubebwa. Justine alisimama mbele yake, nyusi zikiungua, akasema alichofundishwa.

"Wewe si Taaka. Sina mtoto wa jina hilo."

"Mama, unanifukuza?"

Akasema tena. Sauti ililia, ikamwita, ikamkumbusha wimbo ambao yeye na marehemu tu waliujua. Akasema mara ya tatu, na simu ya Isaac, aliyekuwa ameketi kitandani, ikapasuka mkononi mwake, na chumba kikawa baridi.

Tangu siku hiyo majirani waliombwa wamwite Justine Mama Barbara. Isaac hakumwita chochote.

Baada ya mavuno mama mkwe wa Justine, Anjeline, alikuja na fundi kulijengea kaburi la mjukuu. Alikuwa hajasikia habari ile. Isaac hakutaka aambiwe. Fundi alilainisha sementi, akaokota msumari, akamgeukia Justine.

"Mama, niandike nani?"

Justine alimtazama mumewe. Isaac aligeuza uso, akashika njia ya barabarani. Ndipo Anjeline akafungua kinywa kujibu, na Justine, ambaye kwa heshima hakuwahi hata kumshika mkono mama mkwe wake, akamziba mdomo kwa kiganja. Mama mkwe alitoa macho. Justine hakuondoa mkono. Fundi alisubiri, msumari mkononi, mpaka sementi ikakauka.