Inspekta Hana Kosa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana Akidi alifagia mlangoni, akachota maji, halafu akampa Inspekta nyasi zake. Inspekta alikuwa sungura wa kijivu, dume, na baba ndiye aliyempa jina hilo. Sungura huyo akitolewa nje alinusa kila kiatu na kila ndoo, kama afisa aliyekuja kukagua kambi.

Walikaa kwenye kambi ya polisi, upande wa Nakawa. Baba yake Akidi, Sajini Okullo, alipewa nusu ya chumba. Nusu ya pili, nyuma ya pazia, ilikuwa ya askari mwingine na familia yake. Siku familia hiyo ilipofika hakuna aliyeuliza kama watapatana. Waliambiwa wasonge, wakasonga. Maisha ya kambi ni hivyo.

Inspekta alikuwa peke yake. Alitafuna waya wa kizimba mchana kutwa, akaanza kujing'oa manyoya. Akidi alimwomba baba amtafutie mwenzake, na baba akakubali. Lakini baba alifikiria jambo moja: akileta jike, kambi itajaa sungura wadogo. Kwa hiyo alirudi kutoka sokoni na dume mwingine, mweusi.

"Huyu ni Koplo," alisema. "Wanaume wawili, kama maaskari. Watazoeana tu."

Akafungua kizimba cha Inspekta, akamsukuma Koplo ndani, akafunga, akaenda kazini.

Chai haikuwa imechemka bado, kizimba kikaanza kutikisika. Inspekta alikuwa amemng'ata Koplo sikio, na manyoya yalikuwa yanaruka. Goretti, mama yake Akidi, aliwatenganisha kwa mti wa ufagio. Baba aliporudi akaambiwa yote, akacheka. Alisema hata wao kule depo, wakati wa mafunzo, walipigana kwanza ndiyo wakawa marafiki. Kesho yake akawarudisha pamoja. Safari hii Koplo alitoka na jicho limevimba, damu inamtiririka shavuni.

Hapo baba akakasirika. Alimtoa Inspekta, akamfungia kwenye boksi chini ya kitanda, akasema hiyo ndiyo korokoro yake, na asipewe kitu mpaka ajifunze adabu.

Akidi hakuwa mtu wa maneno. Darasani akiulizwa swali, jibu analijua, lakini sauti inamwishia kwenye meno. Siku hiyo hasira ilimsukuma.

"Baba, kosa lake ni nini?"

"Amepiga mwenzake. Damu si umeiona?"

"Nani alimweka mwenzake kwake? Si wewe? Na wewe ukiletewa mtu humjui, alale kitandani kwako..."

Goretti akakohoa kwa nguvu. Mtoto hamwambii baba yake maneno kama hayo.

Baba akatoa hukumu. Jumapili mdogo wake, Oola, alikuwa anakuja kutoka Gulu, na mgeni lazima ale nyama. Inspekta ataingia chunguni. Koplo atabaki, kwa sababu yeye ndiye mpole.

Akidi alilala na hasira, akaamka nayo. Watu ndio walikosea, na adhabu inakwenda kwa sungura. Hata kortini mtu anaulizwa kwanza. Baba akitoka, Akidi alimpenyezea Inspekta nyasi chini ya kitanda, na mama alijifanya haoni.

Jumamosi alimfunga Koplo kwenye kanga, akaenda naye kwenye duka la dawa za mifugo karibu na soko. Mwenye duka aliitwa Moreen, Mkenya kutoka Bungoma, aliyesomea mambo ya mifugo. Moreen aliosha jicho la Koplo taratibu, akaweka dawa. Aliuliza ilikuwaje, na Akidi, macho chini, akamweleza yote, mpaka habari ya chungu. Moreen alisikiliza bila kumkatiza. Halafu akamwambia msaidizi wake abaki dukani na Koplo.

"Twende kwa huyo mzee wako," alisema.

Walimkuta Sajini Okullo amekaa mlangoni, anang'arisha buti. Moreen alimsalimia kwa heshima, akavuta kigoda.

"Afande, ukirudi nyumbani ukute mwanaume humjui amekaa ndani, unamkaribisha chai?"

"Mimi? Huyo namkamata."

"Sasa mbona Inspekta akimkamata, unamfunga yeye?"

Baba akaacha kung'arisha.

Moreen akaeleza. Kizimba kile ni nyumba ya Inspekta, amekitia harufu yake kila pembe. Anayeingizwa mle ghafla, kwake ni mwizi. Tena madume wawili wakikomaa wanapigana, hata wakiwa wa mama mmoja, na wanaweza kuuana. Huo si ukorofi, ndivyo walivyoumbwa. Mara nyingi wanaopatana vizuri ni dume aliyehasiwa na jike. Dume akihasiwa, ugomvi unapungua, na kambi haijai watoto.

"Kuhasi?" Baba alishika mkanda wake. "Inspekta? Wewe mama, huyo ni mwanaume."

Ndani ya nyumba Goretti alicheka mpaka akaangusha mwiko. Hata nyuma ya pazia mtu alicheka.

"Ni hivyo, afande, au kila mwezi uwe unatafuta majina," Moreen alisema. "Lakini afanye daktari wa mifugo, na sindano ya usingizi. Usilete mtu na wembe."

Baba akachukua tena buti lake. Akidi alisimama pembeni. Alijua asiposema sasa, kesho kutakuwa na chungu.

"Baba, mtoe chini ya kitanda," alisema. "Amefungwa bure."

Hakupiga kelele. Baba alimwangalia yeye, akamwangalia Moreen, akaangalia buti lake. Halafu akainuka, akaingia ndani, akalivuta boksi.

Jumapili Oola alipewa malakwang, mboga ya majani yenye karanga, na viazi vitamu. Aliuliza nyama iko wapi. Baba akamwambia ale.

Koplo hakurudi kambini. Alipopona, Moreen alimtafutia mtu wa kumfuga vizuri. Inspekta alihasiwa na daktari wa mifugo, na siku ya pili alikuwa anakula. Moreen akawaonya wasiharakishe, kwa sababu dume aliyehasiwa bado anaweza kuzalisha kwa muda. Wangoje kama mwezi na nusu.

Jike alikuja, mweupe, na Goretti akamwita Madamu. Akawekwa kwenye kizimba chake mwenyewe, jirani na cha Inspekta, nafasi kidogo katikati ili wasing'atane kwenye waya. Kila siku Akidi alichukua nyasi alizolalia huyu, akampelekea yule, ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Mwanzo Inspekta alizikanyaga kwa hasira. Baadaye akawa anazilalia.

Siku ya kuwakutanisha, mwezi na nusu ulipopita, Moreen alisema iwe mahali pasipo pa yeyote kati yao. Akatoa uwanja mdogo nyuma ya duka lake. Waliweka majani ya sukuma wiki katikati, sahani mbili za maji, na maboksi mawili ya kujificha, yenye milango miwili kila moja. Baba alikuja akiwa ndani ya sare, njiani kwenda kazini, akasema anapita tu.

Inspekta alimfukuza Madamu, wakazunguka mara mbili. Baba akanyanyua kofia kuwatenganisha.

"Baba, acha," Akidi alisema. "Wakiumana ndiyo tunawatoa. Hawa wanaulizana tu."

Baba akashusha kofia. Madamu alisimama, akala sukuma kidogo, akainamisha kichwa mpaka chini. Inspekta alikuja polepole, akanusa, akaanza kumlamba kwenye paji la uso. Kisha akalala pembeni yake, ubavu kwa ubavu, akafumba macho.

"Sasa tufanye nini?" baba alimwuliza binti yake kwa kunong'ona.

"Tukae. Bado tunawaangalia."

Sajini Okullo akakaa chini kwenye simenti, na sare yake iliyopigwa pasi. Simu yake ikalia. Aliifunika haraka kwa mkono, akaipeleka sikioni.

"Niko kazini," alisema polepole, asiwaamshe.