Alichokiona Selestine Chini ya Feni

Jumamosi ile stendi ya Mpanda ilikuwa imefurika. Basi la Tabora na la Sumbawanga yalikuwa yameingia karibu pamoja, na mbele ya dirisha la vifurushi watu walibanana, kila mmoja ameshika simu yenye namba ya mzigo wake. Selestine alitoka katikati yao na boksi kubwa mikononi, haoni hata anapokanyaga, akamvaa dada mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake. Boksi liliteleza. Dada yule alilidaka kabla halijafika chini, mkoba wake mwenyewe ukaangukia vumbini.

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha njano limemkaa vizuri kiunoni.

"Kaka, umebeba mtoto humu? Mbona umebadilika rangi?"

"Ni mazabodi ya kompyuta," Selestine alisema. "Hii ikianguka, na mimi nimeanguka."

Dada alicheka hadi mwenye dirisha akageuka. Jina lake Nyamizi, mtoto wa wafugaji wa Kasansa, aliyesomea uchoraji wa ramani za nyumba Mbeya na sasa amepanga chumba cha ofisi mtaa wa Makanyagio. Alikuwa na laptop ya zamani iliyohitaji asubuhi nzima kutoa picha moja ya nyumba. Selestine akamwambia kwamba yeye huunda kompyuta za mezani kwa mkono wake, kifaa kimoja kimoja, na kwamba ya kwake ingemaliza picha hiyo chai ikiwa bado ya moto. Yalikuwa majigambo, lakini aliyasema huku anafuta vumbi kwenye mkoba wa Nyamizi, naye akayapenda. Wakapeana namba.

Miezi miwili baadaye mapenzi yalikuwa yamekolea, na siku ya kuunda kompyuta ya Nyamizi ikafika. Selestine alikuja ofisini Makanyagio amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kana kwamba anakwenda kubatizwa. Nyamizi alikaa kwenye stuli mbele yake, anamtania kwamba akifunga skrubu anatoa ulimi. Selestine alikuwa anafunga vifaa, lakini macho yake yalikuwa kwa Nyamizi. Mashine iliwaka mara ya kwanza tu, wakakumbatiana.

Wiki hiyohiyo simu zikaanza.

"Sele, imezima tena."

"Sema umenikumbuka, bebi. Usiisingizie mashine."

"Nimekukumbuka, na imezima."

Alikuja. Kwanza alisema ni umeme, akaleta stabilaiza. Ikazima. Akasema ni ramu, kumbukumbu ya mashine, akabadilisha. Ikazima. Akafuta kila kitu akaweka Windows upya. Kila alipomaliza aliijaribu kwa kupiga muziki na kuandika barua, ikatulia, naye akaondoka anapiga mluzi. Nyamizi alipobaki peke yake na kuipa kazi yenyewe, ile ya kutengeneza picha ya nyumba yenye bati, kuta na vivuli vyake, ilivuma dakika chache, kisha skrini ikawa nyeusi. Selestine alianza kuchelewa kupokea simu. Mjini alishawaambia watu wengi kwamba mashine zake hazifi.

Ndipo ilipokuja kamati ya kanisa kutoka Kasekese. Walitaka kujenga zahanati, na kazi hiyo ingekuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata Nyamizi. Mwenyekiti wao, Mzee Obadia, alivaa koti la suti juu ya kaptura ndefu ya kaki. Katibu, Mama Eufrazia, alikuwa na daftari mapajani. Nyamizi aliwaonyesha ramani, kisha akaiamuru mashine itoe picha. Ikazima. Akaiwasha, ikazima. Mara ya tatu akampigia Selestine, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Alifika anatoka jasho. Mzee Obadia akamwuliza, kwa upole kabisa, fundi, tatizo ni nini. Selestine hakujua. Watu watatu walimtazama, na Nyamizi alimtazama kuliko wote, akisubiri amwokoe.

"Mashine ni nzima, mzee," alisema. "Tatizo ni mtumiaji. Anachomeka flashi za kila mtu, imejaa virusi. Kompyuta haishikwi kama redio ya jikoni."

Nyamizi aliutoa mkono wake juu ya mausi taratibu na kuuweka mapajani. Mama Eufrazia alifunga daftari. Wageni walishukuru, wakasema watatoa taarifa, wakaondoka, na taarifa haikuja.

Mchana huohuo Selestine aliibeba mashine hadi kwenye kibanda chake cha ufundi, akasema anakwenda kuisafisha. Alikagua kila kitu upya, mpaka kikabaki kifaa kimoja ambacho hakuwahi kukifungua kwa sababu hicho alikuwa na hakika nacho: feni inayopoza prosesa, ubongo wa mashine. Akafungua skrubu nne, akainyanyua. Chini yake palikuwa na nailoni nyembamba, imeanza kukunjamana kwa joto, na maandishi mekundu yanayosema itolewe kabla ya kufunga. Hakuwa ameitoa alipoifunga. Siku ile alikuwa anamwangalia Nyamizi anavyocheka.

Alikaa chini. Hakuna mtu aliyemwona, lakini masikio yalimwaka kama amezabwa kofi. Aliibandua nailoni akaitupa, akapaka pesti mpya ya kupitisha joto, akafunga feni, kesho yake akaipa mashine kazi nzito kutwa nzima. Haikuzima hata mara moja.

Njiani kuirudisha alikuwa amepanga kusema. Alifika akamkuta Nyamizi amepika wali wa mchele wa Mpimbwe na samaki wa migebuka, ameweka kitambaa mezani.

"Ilikuwa virusi kweli?" Nyamizi aliuliza.

Selestine alifungua mdomo, na neno lililotoka ni ndiyo.

"Basi nisamehe, Sele. Nimekuaibisha mbele za watu. Mashine yako nzuri, mimi ndiye sijui kuitunza."

Angeweza kusema hata hapo. Badala yake alisema yameisha, akanawa mikono, akala.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za mashine kuzima. Nyamizi alikataa flashi za wateja, na wengine wakaenda kwa mchoraji mwingine. Kila alipogusa kibodi alifuta kwanza vidole kwa khanga. Mtu akimsifia kazi, alimwambia amsifu fundi wake, yeye huwa anaharibu tu. Selestine alipokuwepo alitazama ukutani. Alikuwa amepanga kumwambia amtambulishe kwa wazazi wake Kasansa. Sasa hata kumshika mkono aliona anaiba.

Jioni moja Nyamizi alimwambia, bila kulalamika, kwamba mwisho wa mwezi anarudisha chumba. Dada yake anauza mchele Kibaoni, anahitaji mtu. Ramani zinahitaji watu wanaojua mashine.

Selestine aliigeukia ile mashine mezani.

"Haikuwa virusi," alisema.

"Nini?"

"Mashine. Haikuwa virusi, na haikuwa wewe. Nilipofunga feni nilisahau kutoa nailoni yake. Joto lilikosa pa kutokea, ikawa inajizima isiungue. Nimejua tangu siku ile niliyoibeba."

Nyamizi alimgeukia.

"Nilipokuomba msamaha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukala wali wangu."

"Nikala."

Alisimama, akafungua mlango, akaushika wazi. "Nenda, Selestine." Hakuwahi kumwita jina lote tangu siku ya stendi.

Kwa siku tisa Nyamizi hakupokea simu zake. Siku ya kumi, Jumapili, Selestine alipanda pikipiki hadi Kasekese, akasubiri ibada iishe, akaomba kuongea na kamati. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, lakini yote yakamtoka kichwani. Akaeleza tu kama ilivyokuwa, feni, nailoni, na uongo wake. Mjumbe mmoja alicheka. Mzee Obadia akamwuliza kwa nini amesafiri vumbini kote huko wakati hakuna aliyemwita.

"Nilimchafua mbele yenu, mzee. Nikimsafisha chumbani peke yetu, nyie bado mtamwona mchafu."

Mama Eufrazia alitoa simu yake, akatafuta namba, akapiga. Alimwuliza Nyamizi kama ile michoro ya zahanati bado ipo, akaambiwa ipo. Akasema Alhamisi wanakuja, kisha akaeleza ni nani yuko mbele yake na amesema nini. Nyamizi aliomba apewe Selestine.

Alichomwambia ni kifupi: Alhamisi na yeye awepo, akae nyuma, asiongee.

Siku hiyo Nyamizi alivaa suti ya kijani, penseli ameichomeka kwenye nywele. Zahanati ilitokea kwenye skrini, ikazunguka, ikaonyesha baraza lake na vivuli vyake. Mama Eufrazia aliona dirisha la chumba cha kujifungulia ni dogo; Nyamizi akalipanua hapohapo, wakiangalia. Hakufuta vidole. Kamati ilikubali kabla ya saa sita.

Walipoondoka, Selestine alibaki kwenye kiti chake cha nyuma, magoti yamebanana kama mwanafunzi.

"Huna la kusema?"

"Uliniambia nisiongee."

Nyamizi alitaka kucheka, akajizuia. "Sasa nakuuliza. Unanifuata kwa sababu unanipenda, au kwa sababu unaona aibu?"

Maneno matamu Selestine aliyajua mengi. Aliinamisha kichwa, akatafuta lililo la kweli.

"Nakupenda. Lakini leo aibu ndiyo kubwa zaidi."

Nyamizi alimwambia kwamba bado ana hasira, na kwamba asitegemee iishe wiki hii wala mwezi huu. Kisha akavuta stuli, akakaa mbele yake karibu sana, akakiinua kidevu chake ili amtazame machoni.

"Basi tuanzie hapo," alisema.